"Ni dakika tano tu": Kazi ya dizaini inapokula usiku wa kijana wako

Ni saa 7 usiku. Mama anaamka kwenda msalani na kukuta mwanga wa kompyuta sebuleni. Binti yake wa miaka 26 amejikunja kwenye kochi, kompyuta mpakato iko mapajani, shingo imeinama kama ya mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Hulali, mwanangu?"

"Namalizia, mama. Ni ile kadi ya mjomba."

Kadi hiyo ni ya mchango wa harusi. Mjomba ndiye mwenyekiti wa kamati, na siku alipoiomba alisema ni kazi ya dakika tano tu. Leo ni siku ya nne. Kwanza kamati ilitaka rangi ya dhahabu, baadaye ikataka zambarau. Picha ya maharusi ikabadilishwa kwa sababu shangazi mmoja hakuipenda. Mwisho ikagundulika kuwa namba ya simu ya mweka hazina ilikosewa na kamati yenyewe. Hakuna aliyetaja malipo. Asubuhi binti anatakiwa kumpa mteja anayelipa lebo ya mafuta ya nazi, na hajaigusa.

Saa 1 asubuhi mama anagonga mlango. Anataka asindikizwe sokoni, kwani "si upo tu nyumbani".

Binti huyu ni mfano tu, ndiyo maana hana jina. Hata hivyo, familia nyingi za mjini zinaweza kumtambua. Ni kijana aliyemaliza chuo, akakosa ajira au akaiacha, kisha akaanza kubuni nembo, mabango, lebo, vipeperushi na kadi kwa wateja anaowapata kwa simu. Ofisi yake ni sebule ya wazazi, na wateja wake wa kwanza ni ndugu na marafiki.

Kipaji peke yake hakitoshi kumtoa hapo. Kazi hii itamlisha au itamuumiza kutegemea mipaka anayojifunza kuiweka, na kama watu anaoishi nao wataiheshimu.

Kisichoonekana kwenye kadi

Kauli ya "dakika tano" hutokana na kile ambacho mteja anakiona, yaani matokeo. Hajaona michoro 10 iliyotupwa, wala saa moja iliyopotea kutafuta aina ya herufi itakayosomeka kwenye simu ndogo.

Ipo pia kazi ya kiufundi ambayo mtu wa nje haifahamu. Skrini ya simu hutengeneza rangi kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa rangi nne, ambazo ni samawati, majenta, njano na nyeusi. Ndiyo maana kijani kinachong'aa kwenye simu hufifia kikichapwa kwenye bango, na mteja akadhani amedanganywa. Mbunifu anayejua kazi huliona tatizo hilo mapema na kuandaa faili la kuchapa tofauti na la mtandaoni.

Nembo nayo huchorwa kwa namna inayoruhusu kuikuza kutoka ukubwa wa kifungo hadi ubavu wa lori bila kupoteza ukali wake. Ikitengenezwa kama picha ya kawaida, ikikuzwa huvunjika na kuonekana vijisanduku. Wengi hugundua hilo siku wanapopeleka nembo ya bei rahisi kwa mchapaji wa fulana na kuambiwa haifai.

Mwaka 1971, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani, Carolyn Davidson, alichora alama ya kampuni ya Nike na kulipwa dola 35. Miaka 12 baadaye, mwaka 1983, kampuni hiyo ilimshukuru kwa kumpa pete na hisa. Hadithi yake husimuliwa sana miongoni mwa wabunifu kwa sababu inaonyesha ugumu wa kupanga bei. Ukihesabu saa peke yake unaweza kupata fedha kidogo kwa kitu ambacho mteja atakitumia kwa miongo.

Nchini Tanzania upo mfano unaouma zaidi. Mei 2017, Mzee Francis Maige Kanyasu, aliyefahamika kwa jina la Ngosha, alifariki dunia. Miaka yake ya mwisho aliishi Buguruni, Dar es Salaam, katika hali duni, huku akieleza kuwa ndiye aliyechora nembo ya Taifa. Jina jingine linalotajwa kuhusu nembo hiyo ni la Jeremiah Kabati. Mjadala wa nani hasa aliichora umebaki midomoni mwa watu.

Kwa kijana anayeanza kubuni, mjadala huo ni funzo la kutunza kumbukumbu. Michoro ya awali, ujumbe wa mteja, tarehe na makubaliano viwekwe mahali salama. Mwandishi wa kitabu huandika jina lake kwenye jalada, lakini mchora nembo kwa kawaida hana pa kuliandika. Ushahidi wake ni karatasi na mafaili aliyoyahifadhi.

Kukua ni kujifunza kuuliza

Turudi kwenye lebo ya mafuta ya nazi. Mteja ni mama mjasiriamali anayekamua mafuta nyumbani na kuyauza kwenye maduka ya mtaani. Anataka lebo iwe na picha yake, picha ya nazi, mnazi, ua, ramani ya Afrika, maneno ya faida 12 za mafuta hayo na namba tatu za simu. Chupa yenyewe ni ya mililita 100.

Mbunifu mchanga huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kutii kila kitu, kisha kuona aibu kuonyesha kazi hiyo kwa wenzake. Ya pili ni kununa na kumwambia mteja kuwa hajui kitu. Njia zote mbili hupoteza mteja, na ya pili humpotezea kijana jina.

Anayekua katika kazi huanza kwa maswali kabla ya kugusa kompyuta. Nani atainunua chupa hii? Itakaa wapi dukani, na karibu na bidhaa gani? Mnunuzi ataiona akiwa umbali gani?

Jibu la swali la mwisho hubadilisha kila kitu. Katika duka la mtaani bidhaa hukaa nyuma ya kaunta. Mnunuzi husimama upande wa pili na kunyoosha kidole. Asiposoma jina la mafuta kutoka pale alipo, ataomba yale anayoyajua. Mama mjasiriamali akielezwa hivyo, mwenyewe ataanza kupunguza. Jina na picha moja vitabaki mbele, maelezo na simu moja vitakwenda nyuma.

Hapo mteja hajashindwa na mbunifu hajashinda. Wote wawili wamelitazama duka kwa macho ya mnunuzi.

Mmarekani Paul Rand, aliyebuni nembo za kampuni kubwa ikiwamo IBM, alifika mbali zaidi. Mwaka 1986, Steve Jobs alipomtaka abuni nembo ya kampuni yake ya NeXT na kuuliza kama angepata mapendekezo kadhaa ya kuchagua, Rand alikataa. Alitoa moja, pamoja na kijitabu kilichoeleza hatua kwa hatua jinsi alivyoifikia, na akalipwa dola 100,000. Kijana wa miaka 26 hawezi kujibu kama Rand, aliyekuwa na zaidi ya miaka 70 wakati huo. Anachoweza kuiga ni kile kijitabu, maana yake kueleza sababu. Mteja aliyeelezwa kwa nini herufi ni kubwa na rangi ni mbili tu, mara nyingi huacha kuomba rangi ya tatu.

Jambo jingine linalochukua muda kujifunza ni kupokea neno "sijaipenda". Kazi ya ubunifu hutoka ndani ya mtu, hivyo ikikataliwa ni rahisi kuhisi kuwa aliyekataliwa ni wewe. Wapo wanaozima simu siku nzima baada ya ujumbe mmoja wa namna hiyo. Dawa yake ni swali la kawaida: "Ni kipi hasa hakijakaa vizuri?" Likijibiwa, hasira hugeuka orodha ya marekebisho. Lisipojibiwa, kijana anajua kuwa tatizo liko kwa mteja ambaye bado hajaamua anachotaka.

Mwili unapodai deni

Kazi ya dizaini haina jasho wala vumbi, na ndiyo maana familia nyingi hushangaa kijana anapolalamika mgongo, macho au ganzi ya vidole. "Umekaa tu, umechokaje?" ni swali linaloulizwa bila ubaya.

Jicho linapotazama kitu cha karibu, msuli mdogo wa ndani hujikaza ili kuona vizuri. Saa nyingi za skrini ni sawa na kukunja ngumi bila kuiachia. Zaidi ya hapo, mtu anayekazia macho skrini hupepesa mara chache kuliko kawaida, hivyo macho hukauka na kuwasha. Wataalamu wa macho hushauri kanuni rahisi: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa takriban mita 6 kwa sekunde 20.

Ganzi au maumivu kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa yanayomwamsha mtu usiku, yanaweza kuwa dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Hilo ni jambo la kumwona daktari mapema. Kuchua kwa mafuta kila usiku kunaweza kuficha tatizo linaloendelea kukua.

Kompyuta mpakato nayo ina kasoro ya kimaumbile. Ukiiweka chini ili mikono ikae vizuri, shingo inainama. Ukiinyanyua ili shingo inyooke, mikono inaning'inia. Suluhisho la bei nafuu ni kuiinua kwa vitabu hadi skrini ifikie usawa wa macho, kisha kutumia kibodi na mausi za pembeni. Meza ya kulia chakula na kiti chenye mgongo ni bora kuliko kochi, na kochi ni bora kuliko kitanda.

Hatari kubwa zaidi ni ya muda. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Kazi Duniani, ILO, yalitoa makadirio kuwa watu wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17 zaidi, wakilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Aliyeajiriwa hufunga ofisi akaenda nyumbani. Aliyejiajiri sebuleni hana mlango wa kufunga, hivyo saa 55 humfikia bila kuhesabu.

WHO pia huutambua uchovu wa kupitiliza unaotokana na kazi. Shirika hilo halihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa, bali tatizo la mahali pa kazi, na limetaja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuhisi kuwa huwezi tena kufanya chochote cha maana. Kwa mbunifu, sura ya pili huonekana mapema. Kijana aliyekuwa akionyesha kila mtu kazi zake huanza kuzificha, na simu ya mteja ikiita, moyo unamdunda. Akifika hapo anahitaji kupumzika, kulala walau saa 7 kwa usiku na kuzungumza na mtu. Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, au akipoteza hamu ya maisha, aende kituo cha afya.

Makubaliano kabla ya mchoro

Sehemu kubwa ya usiku unaopotea huokolewa na ujumbe mmoja unaotumwa kabla ya kazi kuanza. Mkataba wa mwanasheria hauhitajiki kwa kadi au lebo. Ujumbe wa maandishi wenye mambo haya unatosha kuanzia:

Kazi ni ipi na itatumika wapi. Bei ni kiasi gani na malipo ya awali ni kiasi gani, wengi huanzia nusu. Marekebisho yaliyomo ndani ya bei ni mara ngapi, na ya ziada yatalipiwaje. Mteja ataleta lini maneno, picha na namba za simu zilizohakikiwa. Kazi itakamilika lini na mteja atapewa mafaili gani. Na nani atakuwa mmiliki wa mchoro baada ya malipo kukamilika.

Kama mteja ni kamati, mbunifu aombe mtu mmoja wa kuzungumza naye. Watu 15 katika kundi la WhatsApp, kila mmoja na rangi yake, hawawezi kuongoza mkono mmoja.

Kwa upande wa fedha, kipato cha kazi hii hupanda na kushuka. Kuna wiki ya kadi, kalenda na mabango, na kuna mwezi mkavu kabisa. Kijana anayepanga matumizi kwa kutazama mwezi wake mzuri atakopa kila mara. Ni salama zaidi kupanga kwa kutazama mwezi mbaya, na ziada ya mwezi mzuri ikae kwenye akaunti tofauti. Aliyejiajiri anaweza pia kuchangia mwenyewe katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF. Bima ya afya nayo isisubiri ajira, kwa kuwa kwa mtu anayelipwa kwa kazi aliyoikamilisha, wiki moja ya kuumwa ni wiki moja isiyo na kipato.

Bei ya ndugu

Linabaki swali gumu kuliko yote: mjomba atadaiwaje?

Kumkatalia mjomba katika familia zetu si jambo jepesi, na si lazima. Ndugu ndio waliolipa ada, na ndio watakaochangia siku ya harusi yako. Tatizo la kadi ile halikuwa kufanywa bure. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kuwa kitu kimetolewa. Aliyetoa hakusema na aliyepokea hakuona, ndiyo maana marekebisho hayakuwa na mwisho.

Kamati za harusi zenyewe zina njia ya kulitatua. Kila mwanafamilia huandika ahadi yake. Binti naye anaweza kuandika ya kwake namna hii: "Mjomba, shikamoo. Kadi ya mchango huwa natengeneza kwa Sh80,000. Hii naitoa kama mchango wangu wa harusi, pamoja na marekebisho mara mbili. Naomba kamati inipe mtu mmoja wa kunielekeza."

Ujumbe huo una heshima na una bei. Mjomba hajanyimwa, na kazi imepata thamani mbele ya watu 15. Wateja wengine wa karibu nao wanaweza kupewa punguzo, lakini liandikwe: bei halisi juu, punguzo chini yake, kisha kiasi cha kulipa. Rafiki akiona ameondolewa Sh30,000, atajua kuwa amepewa zawadi. Asipoonyeshwa, atadhani hiyo ndiyo bei na atawatangazia wengine.

Nafasi ya familia

Mzazi hahitaji kuelewa programu za kompyuta ili kumsaidia mwanawe. Anaweza kuanza kwa kumuuliza saa zake za kazi na kuzitambua. Ikikubaliwa kuwa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri binti yuko kazini, basi sokoni aende kabla au baada. Kijana naye atimize upande wake. Afunge kompyuta jioni, ale na wenzake, achangie umeme na ashike zamu yake ya usafi. Hawezi kudai heshima ya ofisi huku akilala hadi saa 5 asubuhi kwa kisingizio cha ubunifu.

Wanandoa nao wazungumze. Mke au mume anayemwona mwenzake akitazama skrini saa 4 usiku hawezi kujua kama ni kazi au mazungumzo. Kuambiwa "nina kazi ya mtu, namaliza saa 5" huondoa ugomvi ambao ukimya ungeuzaa.

Na swali la kila siku la "leo umepata ngapi?" lipumzishwe. Yapo mengine yanayojenga zaidi, kama "hebu nionyeshe ulichofanya wiki hii". Kijana akieleza kazi yake kwa mama asiyejua dizaini, anafanya mazoezi ya kuieleza kwa mteja.

Katika mfano wetu, mama aliyemkuta binti yake macho saa 7 usiku ana la kufanya ambalo binti hawezi. Yeye ni dada wa mwenyekiti wa kamati. Asubuhi, kabla ya kubeba kikapu, anaweza kupiga simu: "Kaka, za asubuhi? Ile kadi mtoto amekesha nayo siku nne, na ana kazi ya mteja leo. Mliyonayo inatosha. Na ahadi yake muiandike kwenye daftari."

Simu hiyo haichukui hata dakika tano.